Injinia Amesema

Mke wangu ndiye aliyejenga lile jengo la ghorofa nyuma ya soko la nguo, lenye madirisha ya kijani na ngazi za nje. Ukienda kuuliza pale utaambiwa lilijengwa na Injinia. Hata wale waliobeba zege mabegani watakuambia hivyo hivyo, na hawatakuwa wanakudanganya. Wanasema walichokisikia kwa masikio yao.

Mimi ni fundi wa milango, na milango ya jengo lile ilikuwa kazi yangu. Shule yangu ni ya msingi tu, na mbele za watu ulimi wangu huwa mzito. Lakini jambo hili nililiona tangu linaota, na nimeona nikilinyamazia litazikwa kama yanavyozikwa mengine.

Saitini walimwita Mama Ratiba. Jina hilo alipewa na wapiga zege, kwa sababu hakuna asubuhi aliyofika bila kuuliza, "Jana tulisema leo tutakuwa tumefika wapi?" Alikuwa na shahada ya kwanza ya ujenzi, aliyoipata kabla sijamjua, na kampuni ilimwajiri awe msaidizi wa Injinia. Injinia mwenyewe alikuwa na saiti nyingine kadhaa mjini. Kwetu alikuja Ijumaa, akanywa chai kivulini, akatazama juu, akatazama chini, akaondoka. Siku zote nyingine aliyekuwa pale ni mke wangu.

Wiki yake ya kwanza alimkuta kiongozi wa wapiga zege, mzee mmoja tuliyemwita Babu Zege, anataka kung'oa nguzo za mbao chini ya sakafu ya juu iliyomwagwa juzi tu. Akamwomba aziache.

"Binti yangu," Babu Zege akamwambia, "mimi nimeng'oa mbao hujaota hata meno."

"Najua, baba. Lakini zege hili bado bichi. Tuziache."

"Nitaziacha mwenye kazi akisema."

Na vijana wake wakacheka, nyundo mkononi, wakimtazama kama mtu anavyomtazama kuku aliyeingia sebuleni.

Mke wangu hakubishana. Alikwenda nyuma ya stoo ya saruji, akaweka simu sikioni, akasimama huko kidogo, kisha akarudi na uso mkavu. "Injinia amesema nguzo zisiguswe mpaka wiki ijayo ikatike."

"Sasa si ungesema mapema!" Babu Zege akamjibu, na palepale akawageukia vijana wake. "Shukeni nyie! Hamsikii Injinia amesema nini?"

Jioni alinisimulia akicheka mpaka anajifuta machozi. "Baba watoto, simu yenyewe ilikuwa imezima! Haina chaji tangu asubuhi!" Nami nikacheka. Tulidhani tumepata dawa.

Na kweli ilikuwa dawa. Tangu siku hiyo kila kitu kilipita njia hiyo. Nondo zikifungwa vibaya, Injinia amesema zifunguliwe. Mchanga ukija na udongo, Injinia amesema urudishwe. Kuna ukuta mmoja wa ghorofa ya pili mafundi waliusimamisha nje ya mstari, mrefu, mzuri wa kutazama, ila umepinda. Aliagiza ubomolewe wote. Mafundi walinung'unika mchana kutwa, lakini waliubomoa, kwa sababu Injinia alikuwa amesema. Injinia siku hiyo alikuwa safarini, hata habari ya ukuta hakuwa nayo.

Msidhani yeye hakujua mchezo huo. Alijua vizuri, na aliupenda. Ijumaa akiketi na kikombe chake humwita mke wangu na kumuuliza mbele yangu, "Haya Mama Ratiba, wiki hii nimesema nini?" Mke wangu humhesabia: umesema hivi, umesema vile. Injinia hutikisa kichwa, anatabasamu. "Basi nimesema vizuri sana wiki hii." Tulikuwa tukicheka wote. Ninapokumbuka kicheko kile sasa, nahisi uchungu kwenye fizi, kama nimeng'ata ndimu.

Jengo likiwa limepita ghorofa ya pili, mwenye mali alisema anataka kujenga la pili kando yake, kubwa zaidi, na safari hii anataka meneja wa mradi mwenye shahada ya uzamili ya usimamizi wa miradi ya ujenzi. Hilo ndilo lilikuwa sharti lake, hataki maneno. Injinia akamwambia mke wangu, "Kasome. Ukiipata, jengo la pili ni lako. Sitaki mtu mwingine."

Akaenda kusoma. Masomo yalikuwa jioni, kwa watu wanaofanya kazi. Alitoka saitini na vumbi la saruji kwenye nyusi, akanawia bombani, akabadilisha viatu kwenye mlango wa chuo, na kuingia darasani na watoto waliomwita "Mama" na kumwachia kiti cha mbele kama mgeni wa harusi. Mwanzoni walimhurumia. Baadaye walimfuata mpaka kituo cha gari wakimuuliza maswali.

Nyumbani tulipoteza meza. Alinifundisha kwamba kazi za jengo zina minyororo, na kwamba katika minyororo yote kuna mmoja ambao pete yake moja ikichelewa siku, jengo zima linachelewa siku. Minyororo mingine ina nafasi ya kupumua, huo hauna. Nilimkatia vibao vidogo kutoka kwenye mabaki ya mbao zangu, akaandika kazi moja kwenye kila kibao, akawa anavipanga mezani, anavipangua, anavipanga tena. Jumapili nzima. Sisi na watoto tulikula sahani zikiwa mapajani, na ole wake atakayegusa kibao.

"Niulize swali," angeniambia. "Walimu wangu wanauliza sana, lazima nizoee."

"Sina swali, mama watoto."

"Lazima uwe nalo! Wewe ni mwalimu, umekunja miguu, umevaa miwani. Uliza."

Nilifikiri sana, kisha nikauliza, "Kwa nini milango inakuja mwisho?"

Alicheka, halafu akaisogeza milango mbele kidogo mezani, akaitazama. "Si lazima ije mwisho yote," akasema. Siku ile nililala nimevimba kichwa.

Watu nao hawakukosa la kusema. Karakanani rafiki yangu mpiga msasa aliniambia, "Wewe endelea kumsomesha. Akimaliza hiyo ya pili atakuita kwa kengele." Mama yangu mzazi alikuja kututembelea, akatazama juu, akaona pale mvua inapopenya jikoni, akasema, "Kumbe ni kweli kinyozi hajinyoi. Mkwe wangu anasomea kujenga majumba, na sufuria zake zinakinga maji ya paa." Mke wangu alimjibu, "Mama, hilo paa lipo kwenye ratiba." Mama akamwambia, "Basi na mimi mniweke humo, nisije nikafa mkiwa kwenye kibao kingine." Walipendana wale wawili, kwa namna yao ya kutupiana maneno.

Mitihani alifaulu. Si kufaulu kwa kupenya, alifaulu akiwa juu. Kilichobaki ni sehemu ya vitendo. Chuo kilikuwa na utaratibu kwamba mwanafunzi aliye kazini anaweza kuhesabiwa saiti yake mwenyewe, mradi walimu waje wajionee kwamba kweli ndiye anayeiongoza. Wasiporidhika, atatakiwa kuacha kazi nusu mwaka, awekwe kwenye saiti watakayoichagua wao, akiwa mwanafunzi wa vitendo, mchana kutwa. Mke wangu hilo la pili hakulifikiria hata kidogo. Nani asingeridhika na pale?

Walimu walikuja wawili, mwanamama mmoja mpole aliyeitwa Daktari, na mwanamume mmoja mwembamba aliyeshika kofia yake ya saiti kama sahani ya moto. Ilikuwa kabla ya chakula cha mchana. Mimi nilikuwa chini naning'iniza milango. Utaratibu wao ulikuwa kwamba mwanafunzi akae mbali, wao wazungumze na watu wa kazi. Basi mke wangu akakaa ofisini, kwenye lile kontena, mlango wazi. Kutoka pale alisikia yote.

Sasa hapa ndipo penye msiba wenyewe. Wapiga zege hawakuambiwa hasa wageni wale ni nani. Aliyepitisha habari alisema tu kwamba watu wamekuja kuuliza nani anaongoza saiti. Na mtu wa saiti akisikia hivyo anajua jambo moja tu: kuna kitu kimeharibika, na anatafutwa wa kubebeshwa.

Daktari alianza na Babu Zege. "Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Hapa kazi nani anaamua? Mkimwaga zege, nani anasema leo mwage, leo msimwage?"

"Injinia," akasema Babu Zege bila kupepesa.

"Na Mama Ratiba?"

"Yule? Yule mama ni mtu mwema sana. Hana neno na mtu. Yeye anatuletea ujumbe tu."

"Kuna ukuta ulibomolewa ghorofa ya pili. Uamuzi ulikuwa wa nani?"

Hapo niliona Babu Zege anavuta pumzi, na mafundi nyuma yake wanakaribiana. Ukuta! Kumbe ndio wanaoutafuta! Matofali yale yote, saruji ile yote, sasa yanatafutiwa wa kuyalipa.

"Injinia!" wakajibu karibu wote kwa pamoja. Mfunga nondo, mmoja tuliyemwita Mbavu, akaongeza kwa sauti ili asikike vizuri, "Mama wa watu msimguse. Alisimama pale pale ulipo, akasema, Injinia amesema ubomolewe. Tulimsikia sote. Yeye hahusiki kabisa na ule ukuta!"

"Hahusiki," akarudia yule mwalimu mwembamba, akiandika.

"Hata kidogo! Tunaapa."

Niliweka bisibisi chini. Mimi ni mtu ambaye hata msibani nikitakiwa kutoa neno najificha nyuma ya masufuria. Lakini nilitoka nikaenda mpaka mbele yao, nikasema, "Samahani. Anayeongoza hapa ni yeye. Hilo la Injinia amesema ni namna ya kusema tu. Ukuta ni yeye. Zege ni yeye. Yote ni yeye."

Mafundi walinitazama kama nimemchoma mke wangu kisu.

"Wewe ni nani, baba?" Daktari akaniuliza.

"Fundi milango."

"Na umejuaje?"

"Ananisimulia nyumbani," nikasema. "Ni mke wangu."

Mbavu ndiye aliyeanza kucheka, kisha wakacheka wote, mpaka yule mwalimu mwembamba akaficha mdomo kwa kofia. Daktari hakucheka. Alifunika kalamu yake taratibu. "Tunashukuru, baba," akasema, kwa huruma ile ambayo mtu angeona heri angetukanwa.

Wakampigia Injinia mbele yetu, simu ikiwa wazi. Nikasema moyoni, haya, mwenye maneno yake huyu hapa. Sauti yake ilitoka nzuri, ya kirafiki. "Mama Ratiba? Huyo ni mkono wangu wa kulia! Mchapakazi, mwaminifu. Nikimtuma kitu hakikosi kufanyika. Mpeni tu hiyo shahada, anastahili." Na mwenye mali alikuwa kwenye gari naye, tulimsikia akikohoa.

Mpeni tu. Kama mtu anavyosema mpeni mtoto peremende.

Walimu walipoondoka, mke wangu alitoka kwenye kontena. Babu Zege alimwendea mbio, uso umechanua. "Mama, leo tumekuokoa! Wale walikuja na kamba, walikuwa wanatafuta wa kumfunga. Tumewanyima!"

Nilidhani atapiga kelele. Nilitamani apige. Alimtazama yule mzee, akawatazama wote, mmoja mmoja, na vumbi lao, na meno yao nje kwa furaha.

"Asanteni sana," akasema. "Rudini kazini, zege lisigande."

Hakuna aliyesogea mara moja. Walikuwa wanangoja. Akavuta pumzi, akamaliza kama walivyozoea kumsikia, "Injinia amesema," nao wakasogea.

Majibu yalikuja kama tulivyojua yatakavyokuja. Walisema ni msaidizi hodari mno, na kwamba uongozi wake haukuthibitika. Akatakiwa afanye nusu mwaka kwenye saiti nyingine.

Aliomba ruhusa kazini. Injinia hakumjibu ofisini. Alikuja nyumbani Jumapili mchana, na mkate mkononi, akaketi kwenye kiti changu.

"Mama Ratiba, hebu tuongee kama watu wazima. Nikikuachia nusu mwaka, pale nani atasimamia? Mimi? Mimi nisiyejua hata stoo ina mifuko mingapi? Jengo lile umelisimamisha wewe. Tangu sakafu ya kwanza. Mimi najua, wewe unajua, na mumeo huyu hapa anajua."

Niliangalia uso wa mke wangu. Ulikuwa umetulia kabisa.

"Sema tena," akamwambia.

"Nini?"

"Hayo uliyosema sasa hivi."

"Nasema jengo umelisimamisha wewe. Kuna ubishi gani?"

"Basi kesho twende chuoni ukayaseme. Maneno hayo hayo, usiongeze wala usipunguze. Nitavaa viatu sasa hivi tukitaka."

Injinia akageuza kikombe chake. Akatazama pale paa linapovuja, ingawa mvua haikuwepo. "Mama, mambo haya hayasemwi hivyo. Mteja ananilipa mimi nisimamie. Nikasimame mbele ya watu niseme sikuwahi kusimamia? Nitakula wapi?"

"Na mimi?"

"Wewe nimekusifia! Nimesema mkono wa kulia! Kuna mtu hapendi kuitwa mkono wa kulia?"

"Mkono haupandishwi cheo, Injinia."

Alicheka, akidhani ni utani. Alipoona hakuna anayecheka naye, akashika funguo za gari. "Chagua basi. Kama ni chuo, nitatafuta mtu mwingine wa kukaa pale, na la pili sitaweza kukushikia nafasi. Kama ni kazi, Jumatatu tunamwaga paa." Akasimama mlangoni, akaongeza kwa sauti ya chini, na naamini alimaanisha, "Lakini bila wewe itakuwa taabu."

Alipoondoka nilimwambia mke wangu neno ambalo mume yeyote angelisema: achana na chuo, kula mkate uliopo. Akaniuliza, "Nikibaki, Jumatatu nitasema nini nikifika pale?" Alikuwa anauliza kweli, hakuwa ananisuta. Akakaa mezani, akakusanya vile vibao vyote kwenye mfuko wa plastiki, akampa binti yetu wa mwisho achezee.

Jumatatu hakwenda. Walimwaga paa bila yeye, na lilimwagika salama tu, msije mkadhani lilianguka. Majengo hayaanguki kwa sababu mtu ameonewa. Jengo la pili sasa lina meneja mwingine, mwenye karatasi zote, na nasikia ni kijana mstaarabu. Babu Zege akinikuta njiani hunisalimia kwa sauti kubwa, kisha husema, "Mwambie mama arudi, hapa hakuna tena anayetuletea ujumbe vizuri." Namwambia nitamfikishia.

Yeye yuko saiti aliyopangiwa na chuo, upande wa pili wa mji, kwenye jengo dogo la maduka. Wanafunzi wa vitendo huko huvaa kofia za bluu. Amewekwa na wenzake wa umri wa mtoto wetu mkubwa. Siku ya kwanza msimamizi wao aliwapanga mstari, akawauliza mmoja mmoja, na alipofika kwake akasita, akaona mvi, akalainisha sauti.

"Mama, umewahi kufika saiti kabla ya leo?"

Akamjibu, "Kidogo."

Akapewa ncha ya futi ya kupimia, akaambiwa aishike pale ukutani asiitikise. Aliporudi jioni nilimuuliza kazi ilikuwaje. Alisema ukuta wao umenyooka, hana la kulalamika, akaenda kunawa.